Solo na Kodi katika Upigaji wa Gitaa

Wako wasemao kwamba gitaa ni chombo cha kigeni, kwa hiyo halina nafasi katika utamaduni wetu. Sisi tunaona kwamba historia ya nchi ya Songea na majirani zake inatufundisha vingine. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), ngoma ya mganda ilienea kandokando ya Ziwa Nyasa. Wachezaji wake waliiga gwaride na matarumbeta ya majeshi ya kikoloni, lakini walipuliza vibuyu na kuimba nyimbo zao wenyewe. Kilichoigwa kikawa mali yao.

Gitaa nalo lilipita njia hiyo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Kongo, mji uitwao sasa Likasi. Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili, alipiga gitaa moja likasikika kama mawili: kidole gumba kilishika besi na msingi wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, na kidole cha shahada kikapamba kwa sauti za juu.

Bendi za dansi ziliigawa kazi hiyo. Katika Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) alipiga solo, wenzake wakishika ritimu na besi. Hata hivyo, kugawana kazi si kutengana. Ngazi ya sauti ina hatua saba, nazo huzaa kodi tatu kuu: do-mi-so, fa-la-do na so-ti-re. Mpiga solo yu huru kupanda na kushuka ngazi hiyo, lakini kwenye pigo zito hana budi kutua juu ya sauti iliyomo katika kodi inayopigwa. Ritimu ikihamia fa, naye atue kwenye fa, la au do. Sauti nyingine ni za kupitia tu.

Mwimbishaji wa ngoma analijua jambo hili: huzunguka apendavyo, kisha huwarudia waitikiaji wake. Basi mwalimu wa Songea na aanze na wimbo ambao darasa linaujua, nusu ya wanafunzi washike kodi kwa sauti zao na nusu waimbe wimbo wenyewe, kabla gitaa halijaguswa. Tukiwafundisha vijana solo peke yake kwa kuwa ndiyo inayoshangiliwa, tutapata wapigaji wepesi wa vidole wasioweza kupiga pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.