Safari ya Ua Kutoka Kamere

Kamere ni makazi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua kusini mwa Ziwa Naivasha, penye mwalo wa wavuvi. Kilimo cha maua huko kilianzishwa na kampuni ya Kidenmarki, DCK, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kampuni ya Brooke Bond iliichukua baadaye, ikaitwa Sulmac. Oserian, lililokuwa shamba la mboga, liligeukia maua katika miaka ya 1980.

Ugumu wa biashara hii ni mpangilio zaidi kuliko kilimo chenyewe, kwani ua huanza kufa likishakatwa. Waridi huchumwa likiwa bado limefumba, huwekwa majini mara moja na kupelekwa kwenye chumba baridi. Huko hupangwa kwa urefu wa kikonyo, hufungwa mafungu, kisha lori la friji hulipeleka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kiungo kimoja kikilegea, kazi yote ya nyuma hupotea. Kuelekea Februari 14, Siku ya Wapendanao, wachumaji hufanya kazi saa za ziada, nao ndio wanaobeba uzito wa ratiba iliyopangwa na soko la Ulaya.

Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya. Ndege hazikuruka, vyumba baridi vikajaa, maua yakatupwa kwa tani na vibarua wakarudishwa nyumbani. Baadaye baadhi ya wasafirishaji walianza kupeleka maua kwa meli kupitia Mombasa, ndani ya makontena yenye friji, safari ya wiki kadhaa.