NFS, AFS na Coda: Nakala na Ahadi Zake

Mifumo ya kuhifadhi faili katika mtandao, ambayo humwezesha mtu kufungua maandishi yaliyo mbali kana kwamba yamo katika kompyuta yake mwenyewe, huelezwa mara nyingi kuwa ni kitu kimoja chenye majina mengi. Sivyo. Kila mfumo hujibu kwa namna yake swali walilolizoea wahakiki wa miswada: nakala iliyo mkononi yafaa kuaminiwa kwa kiasi gani?

NFS, uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems katikati ya miaka ya 1980, hapo awali ulikuwa na seva isiyoweka kumbukumbu ya nani amefungua faili gani. Seva ikizimika na kuwaka tena, maombi yalirudiwa tu na kazi ikaendelea. Lakini kompyuta ya msomaji ilibidi iulize mara kwa mara kama kuna badiliko, na kwa sekunde chache ingeweza kumwonyesha maneno ya zamani.

AFS ulizaliwa Pittsburgh, Marekani, katika mradi wa Andrew wa Carnegie Mellon University na IBM. Humo faili nzima ililetwa kwa msomaji. Katika toleo la kwanza seva iliulizwa kila faili ilipofunguliwa, ikalemewa. Toleo la pili likaleta ahadi: faili ikibadilika, seva itamwarifu kila mwenye nakala. Asipoarifiwa, na asome bila wasiwasi.

Coda, ulioanzishwa hapo hapo mwaka 1987 na M. Satyanarayanan na wenzake, ni mtoto wa toleo hilo la pili. Tuseme mtu wa Nyabiyonza, wilayani Karagwe, anahariri orodha ya maneno ya Kinyambo, mara mtandao ukakatika. Kwa AFS wa asili angekwama, ijapokuwa nakala anayo. Kwa Coda angeendelea kutumia faili zilizowekwa akiba mapema, na mabadiliko yake yangewekwa hadi mawasiliano yarudi.

Je, mwenzake wa Dar es Salaam naye akiwa amebadili orodha ile ile? Katika AFS, anayefunga faili mwisho humfuta wa kwanza, kimya kimya. Jambo la hatari kubwa kwa watunga kamusi. Coda hukataa kuchagua: hutangaza mgongano, na watu wenyewe huamua.

Mwaka 2000 IBM iliutoa msimbo wa AFS kwa umma, ukaitwa OpenAFS. Coda ulibaki zaidi mikononi mwa watafiti.