Yatokanayo: Kikao cha Madiwani katika Historia ya Mji wa Dodoma

Historia ya Dodoma aghalabu husimuliwa kwa matamko makubwa. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mwaka 1973 Chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Kwamba Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kuwa Serikali itahamia huko bila kuchelewa zaidi. Na kwamba tarehe 26 Aprili 2018 mji huo ulipandishwa hadhi ukawa jiji. Tarehe hizo zina uzito wake, na ni haki zikaririwe. Hata hivyo, mwenye kuzikariri bado hajajua ni nani aliyepanga meza za soko, aliyetenga eneo la makaburi, aliyezoa taka, wala aliyepokea malalamiko ya mkulima ambaye shamba lake limepitiwa na barabara mpya. Kazi hizo hazina sherehe wala mizinga. Hufanywa katika chumba cha mikutano, mbele ya makabrasha, na watu tunaowaita madiwani. Makala haya yanakusudia kuitazama kazi hiyo ya kawaida, na hasa kipengele kimoja kidogo ambacho wengi hukipita bila kukitazama: yatokanayo.

Utaratibu wa kikao cha halmashauri unafahamika kotekote nchini. Mwenyekiti, ambaye katika jiji au manispaa ni Meya, hufungua kikao. Mkurugenzi hukaa kando yake akiwa katibu. Ajenda huthibitishwa, kisha husomwa na kuthibitishwa kumbukumbu za kikao kilichopita. Baada ya hapo, kabla ya jambo lolote jipya kuguswa, hufika zamu ya yatokanayo na kumbukumbu hizo. Hapo diwani husimama akauliza: katika kikao kilichopita tuliambiwa kwamba kalvati la kata fulani litajengwa kabla ya mvua, je, limejengwa? Mtendaji hupaswa kujibu, na jibu lake huandikwa. Likiwa halitoshi, litaulizwa tena miezi mitatu ijayo, kwa maana Baraza kamili hukutana kila robo ya mwaka. Kati ya kikao na kikao, kazi huchambuliwa katika kamati: ile ya fedha na uongozi, ambayo hukutana kila mwezi, ile ya mipango miji na mazingira, na ile ya uchumi, afya na elimu. Kisheria milango ya Baraza huwa wazi, na mwananchi anaweza kuingia akasikiliza.

Yafaa tuyaangalie maneno yenyewe, maana lugha ni ghala la historia. Baraza, kwa watu wa pwani, ni kibao cha mawe mbele ya nyumba, mahali pa kukaa na kuzungumza na jirani na mgeni. Kutokana na kikao cha hapo, neno likapanuka likawa jina la mkutano wowote wenye mamlaka. Diwani nalo asili yake ni Kiajemi, lugha ambayo ndani yake lilitaja daftari, na pia ofisi iliyotunza madaftari. Katika pwani ya Mrima lilikuwa cheo cha wakuu wa miji, na hata leo washairi huuita mkusanyo wa tungo zao diwani. Kwa hiyo ndani ya neno hili moja mna mtawala, mna kikao, na mna kitabu cha maandishi. Wahenga nao walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Huku bara, katika nchi ya Wagogo, daftari halikuwapo, lakini kikao kilikuwapo. Kabla ya ukoloni mamlaka juu ya mvua na ardhi yalikuwa ya watemi, waliotunza mawe ya mvua na kigoda cha utemi. Katika uwanda huu mkavu, wenye msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, cheo hicho hakikuwa kidogo. Hata hivyo mtemi hakuamuru kila jambo. Ugomvi wa ng'ombe, mahari na mipaka ya mashamba uliamuliwa na wazee wa ujirani waliokaa pamoja wakasikiliza pande zote. Kumbukumbu za vikao hivyo ziliwekwa vichwani mwa wazee. Mtu aliyeahidi fahali mbele yao hakuweza kusahau, kwa kuwa wasikilizaji wake hawakusahau. Kwa namna hiyo, yatokanayo ni desturi ya zamani kuliko karatasi.

Wajerumani walipoifikisha reli ya kati Dodoma mwaka 1910, palianza kukua mji kando ya stesheni. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliutawala mji na vijiji kwa njia mbili tofauti. Kwa upande wa miji, sheria ya mwaka 1920 iliweka mamlaka za miji midogo zilizokuwa chini ya wakuu wa wilaya. Wajumbe waliteuliwa, na wakazi walio wengi hawakuwa na kura. Kwa upande wa vijiji, sheria ya mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, iliwafanya watemi kuwa watumishi wa serikali. Wakakusanya kodi, wakasimamia mahakama za wenyeji, wakatunza hazina ndogo. Daftari likaingia Ugogo, lakini lilikuwa kwanza daftari la kodi: lilihesabu walichodaiwa wananchi, halikuhesabu walichodai wao. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1953 ilifungua mlango wa kuundwa halmashauri za miji na za wilaya, na baada ya Uhuru halmashauri hizo ndizo zilizobeba mzigo wa shule za msingi, zahanati, masoko na barabara ndogo. Mwaka 1963 mamlaka ya kiserikali ya watemi yalifutwa, na uwakilishi wa kuchaguliwa ukachukua nafasi yake.

Mzigo ulikuwa mkubwa na mkoba ulikuwa mwepesi. Halmashauri nyingi zilishindwa kulipa mishahara, na nyingine zilituhumiwa kwa ubadhirifu. Mwaka 1972 Serikali ikaleta siasa ya Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zikavunjwa, na muda mfupi baadaye zile za miji nazo zikafuata. Mahali pake wakawekwa wakurugenzi wa maendeleo wa mikoa na wilaya pamoja na kamati zao. Nia iliyotajwa ilikuwa njema: kuwatoa wataalamu makao makuu na kuwapeleka karibu na wananchi. Lakini mtaalamu aliyepelekwa mkoani aliendelea kujibu kwa wakubwa wake wa juu. Mwananchi aliyetaka kuuliza juu ya ahadi ya jana hakuwa tena na mtu wake wa kusimama akauliza kwa niaba yake. Tunaweza kusema kwamba ajenda za mipango ziliongezeka, ila kipengele cha yatokanayo kilifutwa.

Matokeo yake yalionekana upesi zaidi mijini. Miji ilikuwa imeunganishwa na wilaya za mashambani zilizoizunguka, na shughuli zake ndogondogo zikakosa mwenyewe. Mifereji ikaziba, taka zikalala barabarani, barabara zikachimbika, unyunyizaji wa dawa za mbu ukazorota. Miaka ya 1977 na 1978 kipindupindu kiliingia nchini na kuua watu. Mwaka 1978 ikapitishwa sheria ya muda ya kurudisha halmashauri za miji. Baadaye, mwaka 1982, Bunge likapitisha sheria tatu: Namba 7 ya mamlaka za wilaya, Namba 8 ya mamlaka za miji, na Namba 9 ya fedha za mamlaka hizo. Halmashauri za wilaya zilianza tena kazi mwaka 1984, na mwaka huohuo serikali za mitaa zikatiwa katika Katiba, ambamo ibara ya 145 na ya 146 zinaeleza kuwapo kwake na madhumuni ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akihojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba kama angeanza upya, miongoni mwa mambo ambayo asingeyafanya ni kuvunja serikali za mitaa na vyama vya ushirika. Ni jambo adimu kiongozi wa nchi kurudi kwenye kumbukumbu zake mwenyewe na kuzijibu hadharani.

Dodoma ilikuwa na hali yake ya pekee. Mwaka 1973, wakati halmashauri zikivunjwa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa herufi CDA, ili iujenge mji mkuu mpya. Mpango mkuu wa mji ulikamilika mwaka 1976. Halmashauri iliporudi, ilikuta ardhi ya mji ikiwa mikononi mwa Mamlaka hiyo. CDA ilipima viwanja, ikagawa, ikabomoa nyumba zilizojengwa nje ya mpango. Halmashauri ikazoa taka, ikaendesha masoko na shule, ikasikiliza vilio. Mafahali wawili hawakai zizi moja, nao waliokanyagwa walikuwa wananchi. Diwani aliyeulizwa habari za kiwanja angeweza kujibu tu kwamba jambo hilo halimo katika mamlaka ya Baraza lake. Migogoro ya ardhi ikalimbikizana kwa zaidi ya miaka arobaini. Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA na kuzihamishia kazi zake kwenye Halmashauri; hati za miaka 33 ambazo CDA ilikuwa ikizitoa zikaamriwa zitoe nafasi kwa hati za miaka 99. Tangu hapo, swali la ardhi likaweza kuulizwa katika chumba kilekile kinachoulizwa swali la jalala.

Mfano ulio hai ni Mtumba. Kata hii ipo mashariki ya jiji, kandokando ya barabara iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Ilikuwa nchi ya mashamba ya mtama, uwele na karanga, na ya malisho ya ng'ombe, hadi ilipochaguliwa kuwa mahali pa Mji wa Serikali. Tarehe 13 Aprili 2019 Mji huo ulizinduliwa rasmi, na wizara zikahamia humo. Mgeni apitaye huona majengo marefu na barabara pana, akadhani kwamba mahali palipo na wizara zote hapana haja ya diwani. La hasha. Wizara huongoza taifa zima. Haiulizwi kwa nini taka za mtaa hazijachukuliwa. Mama anayetaka kuuza chakula kwa mafundi wa ujenzi anahitaji mahali palipotengwa. Mtoto wa mkulima anahitaji darasa. Mzee aliyeachia shamba lake anahitaji kujua fidia imefikia wapi na kiwanja chake kipo wapi. Mambo haya huanzia katika mtaa, hupanda hadi kamati ya maendeleo ya kata, kisha huingia katika Baraza la jiji ambalo, kwa sensa ya mwaka 2022, lina wakazi zaidi ya laki saba na nusu wa kusemewa. Asiposemewa pale, mwenyeji wa Mtumba anaweza kuishi jirani na Serikali yote na asiwe na mlango wa kubisha.

Hatusemi kwamba kikao ni dawa ya kila ugonjwa. Kumbukumbu zaweza kuandikwa vizuri na kazi isifanyike. Jibu la kwamba utekelezaji unaendelea laweza kurudiwa robo baada ya robo mpaka likapoteza maana. Tena Baraza lisilo na fedha zake huuliza kwa sauti ndogo. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa, na wananchi wengi wakafurahi kwa haki, maana ilikuwa ikidaiwa kwa karaha; lakini halmashauri zikapungukiwa na chanzo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme, nje ya mikono ya halmashauri. Kila chanzo kinapohamia juu, swali la diwani huhama nacho: badala ya kuuliza fedha zetu zimetumikaje, hulazimika kuuliza fedha zitaletwa lini. Pamoja na hayo, swali dhaifu lililoandikwa lina faida kuliko kimya. Likiwa katika kumbukumbu, diwani ajaye atalikuta, na mwanahistoria atalikuta pia.

Kwa sababu hiyo, walimu wa historia na uraia wangefanya vema kuwapeleka wanafunzi wao kwenye kikao cha Baraza mara moja kwa mwaka, au angalau kwenye mkutano wa mtaa. Wasiende kuhesabu waliovaa majoho. Wachague jambo moja, kama vile daraja, choo cha soko au mpaka wa uwanja wa shule, walifuatilie kutoka kikao hadi kikao, na waandike lilivyoahidiwa, lilivyojibiwa na lilivyotendeka. Mwisho wa mwaka watakuwa wameandika sura ya historia ya mji wao ambayo haimo katika kitabu chochote.

Utamaduni wa taifa hauko katika ngoma, vazi na methali peke yake. Umo pia katika namna watu wanavyokaa pamoja, wanavyopeana ahadi, na wanavyodaiana ahadi hizo bila kugombana. Wazee wa Ugogo walilifanya hilo bila karatasi. Sheria za mwaka 1982 ziliirudisha desturi hiyo mijini na vijijini baada ya taifa kuonja hasara ya kuikosa. Ahadi ni deni, na mahali pa kuidai ahadi ya umma ni pale katibu anapofungua kabrasha na mwenyekiti anapouliza kama kuna jambo lolote linalotokana na kumbukumbu za kikao kilichopita.