Baada ya Bunduki Kunyamaza

Tarehe 25 Novemba 1918, huko Abercorn, mji uitwao Mbala hivi sasa katika nchi ya Zambia, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliweka chini silaha zake. Askari Waafrika zaidi ya 1,100 waliokuwamo walichukuliwa kwa meli hadi Kigoma, kisha kwa reli hadi Tabora. Vita vilikuwa vimekwisha. Hata hivyo, baadhi yao, pamoja na wapagazi wao, hawakurudi makwao. Walisalimika na risasi, lakini waliuawa na mafua kambini.

Maradhi hayo yalikwisha kuingia Mombasa mwezi wa Septemba mwaka huo, yakafuata reli, meli na misafara ya majeshi. Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, ilikuwa mikononi mwa jeshi la Wabelgiji tangu Juni 1916, na njia yake ya kwenda pwani ilikuwa hiyo hiyo ya ziwa na reli. Ndiyo njia iliyoleta bidhaa za wafanyabiashara wa Kiasia, ambao mtaa wa Asiatique umepata jina kwao. Njia iletayo nguo na chumvi huleta na ugonjwa.

Mgonjwa alishikwa ghafla na homa, baridi, maumivu ya kichwa na ya maungo, na kikohozi kikavu. Wengi walipona kwa siku chache. Wengine walipata kichomi, wakatema damu, midomo ikabadilika rangi kwa kukosa hewa. Ajabu yake ni kwamba waliokufa sana walikuwa vijana wenye nguvu, rika lile lile la askari.

Madaktari walitoa aspirini na kwinini, lakini hakuna hata moja iliyokiua kirusi cha mafua, ambacho kiligunduliwa kwa binadamu mwaka 1933. Kilichosaidia ni uuguzi: kulala, kunywa maji, hewa safi na kutengwa na wenzake.

Zaidi ya karne moja baadaye, tarehe 31 Machi 2020, Burundi ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza wa Covid-19. Safari hii hospitali zilijua kupima oksijeni katika damu na kumpa hewa mgonjwa aliyepungukiwa. Mwezi wa Juni 2020 ilithibitika kwamba deksamethasoni hupunguza vifo vya wagonjwa wanaohitaji oksijeni, wasioihitaji haiwafai.

Elimu imeongezeka, lakini kambi ingali kambi. Watu hulala bega kwa bega, na polisi wa doria hukutana na umati sokoni na bandarini. Askari anayeficha homa kwa kuogopa kuitwa mvivu haonyeshi ushujaa, anawaambukiza wenziwe. Na kamanda anayemrudisha zamu mgonjwa ambaye bado anahema kwa shida anapunguza kikosi chake kwa mkono wake mwenyewe. Kumpeleka mgonjwa zahanati mapema ni sehemu ya ulinzi wa taifa.