Eti bora arudi mfalme?

Nilikwenda Wete kuandika habari za karafuu. Bei ya msimu, malipo ya wachumaji, karafuu zinazoanikwa mpaka kando ya lami, zile habari za kila msimu ambazo mhariri anazitaka kwa maneno mia nne. Karafuu nimeziandika. Lakini lililonikosesha usingizi halikuwa karafuu.

Jioni nilikaa barazani na vijana, kahawa mkononi, tukabishana siasa kama ilivyo ada ya Pemba. Mzee mmoja wa miaka themanini na ushei alikuwa kimya pembeni akivuta tasbihi yake. Tulipofika kwenye uchaguzi akaweka kikombe chini, akaniambia: "Mjukuu wangu, nyinyi mmesomeshwa kuwa kura ni haki. Mimi nimepiga kura nikiwa na nywele nyeusi, nimepiga na mvi. Faida yake sikuiona. Bora mfalme anayemcha Mungu."

Nilidhani vijana watacheka. Hakucheka mtu. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, mtu wa digrii, akaitikia: "Babu kasema kweli. Mimi sipigi tena kura maisha yangu."

Sikuwa na jibu. Niliaga nikaenda kulala, na sikulala. Haya ndiyo niliyoyapanga kichwani usiku ule.

Kwanza tumtendee babu haki, maana hasemi upuuzi. Mpemba ana sababu za kuchoka na sanduku la kura. Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja tu. ASP walipata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3, serikali ikashindikana. Ukaitishwa uchaguzi mwingine Juni mwaka ule ule, zikazuka fujo Unguja, watu 68 wakauawa. Julai 1963 ASP walipata zaidi ya asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP wakaunda serikali, na Mpemba mwenzetu, Mohammed Shamte, akawa Waziri Mkuu. Uhuru ukaja Desemba 10, 1963. Mapinduzi yakaja Januari 12, 1964. Tangu hapo Wazanzibari hawakuchagua wawakilishi wao mpaka 1980.

Vyama vingi viliporudi mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif Sharif Hamad, huku Pemba viti vyote 21 vikienda CUF. Wakubwa zangu wananisimulia jinsi watu walivyokuwa hawazikani, hawauziani chumvi dukani, kisa chama. Januari 27, 2001 polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji waliodai uchaguzi wa 2000 urudiwe. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao hapa Pemba, na wengine wapatao 2,000 wakapanda mashua kukimbilia Shimoni, Kenya. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, nimekua na hadithi hizo. Kisha Oktoba 28, 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, akafuta uchaguzi mzima. Ukarudiwa Machi 20, 2016, CUF wakasusia.

Sasa mtu aliyeyaona yote hayo utamwambiaje kwamba kura ni dawa? Akikumbuka utoto wake chini ya bendera nyekundu ya Sultani, anakumbuka utulivu. Hilo silibishi.

Ninalouliza ni hili: babu anapomtamani mfalme mcha Mungu, anamtamani yupi? Maana Pemba hatuna haja ya kukisia. Wafalme Waislamu tumekuwa nao kwa karne nyingi.

Tuanze Pujini, safari fupi kutoka Chake Chake. Pale yapo magofu ya ngome ya mtawala wa karne ya 15 hivi. Jina lake Muhammad bin Abdulrahman, lakini hakuna Mpemba anayemwita hivyo. Tunamwita Mkama Ndume, yaani mkamuaji wa wanaume. Masimulizi yanasema aliwabebesha watu mawe ya ngome vichwani huku wakijiburura kwa matako. Huenda wasimuliaji wametia chumvi. Lakini tazama kilichobaki midomoni mwa watu baada ya miaka mia tano. Jina zuri la dini limesahaulika, jina la dhuluma linaishi.

Baadaye wakaja Mazrui wa Mombasa. Wapemba walipochoka nao, wakuu wao waliomba msaada kwa Sayyid Said bin Sultan, Muscat, na mwaka 1823 Mazrui wakatolewa Pemba. Hapa pana somo ambalo sikulisoma darasani. Sisi Wapemba tulimwita mfalme wenyewe, tukiamini atatuondolea dhuluma. Aliiondoa ile ya Mazrui. Lakini hatukuwa na njia ya kumwambia ahsante, sasa nenda. Aliyekuja kwa kuitwa alibaki kwa nguvu, na wanawe na wajukuu zake baada yake.

Je, ulikuwa ufalme wa kidini? Watu wengi wanadhani hivyo, na hapa ndipo historia inapotusuta. Masultani wa Busaidi walikuwa Ibadhi. Ukiwauliza wanachuoni wa Ibadhi wenyewe, watakwambia kiongozi wa Waislamu ni imamu, naye huchaguliwa kwa elimu na ucha Mungu wake, si kwa baba yake. Akidhulumu, huondolewa. Ahmad bin Said, mwanzilishi wa ukoo wa Busaidi, alichaguliwa imamu Oman katika miaka ya 1740. Baada ya mwanawe, warithi waliacha cheo cha imamu wakajiita Sayyid. Utawala ulipogeuka urithi, jina la dini lilidondoka njiani. Sayyid Said mwenyewe alishika madaraka mwaka 1806 baada ya kumuua binamu yake, Badr bin Seif. Kwa hiyo ufalme tunaoukumbuka kama wa kidini haukutimiza masharti ya dini ya mfalme mwenyewe.

Na tuseme mfalme angekuwa mshika dini kwelikweli. Dini ya nani? Wapemba wengi ni Sunni wa madhehebu ya Shafi. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa mtu wa maendeleo, aliyeleta maji ya bomba mjini Unguja na kujenga Beit el Ajaib. Tena aliijali dini. Ndiyo maana alimtia jela Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, mwanachuoni wa Kisunni kutoka Mombasa, ambaye mafundisho yake hayakumpendeza. Sheikh alitoka Barghash alipofariki. Fikirini hilo, enyi mnaosema "tupate kiongozi wa dini mambo yatanyooka". Mfalme akishakuwa ndiye mlinzi wa dini, anayetofautiana naye katika fikra anahesabika adui wa dola.

Tusiisahau karafuu iliyonipeleka Wete. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikasalimika, ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu mpaka leo. Nani alipanda, nani alichuma? Watumwa, maelfu kwa maelfu. Utumwa haukukoma kwa sababu mfalme alisali akaona aibu. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku 1873 na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria 1897, mara zote mbili kwa shinikizo la Waingereza. Nao Waingereza hawakuwa malaika. Kuanzia 1890 visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya yao. Agosti 27, 1896 Khalid bin Barghash alipokalia kiti bila idhini yao, waliipiga mizinga kasri kwa dakika arobaini hivi na kumweka mwingine wanayemtaka. Ule utulivu wa bendera nyekundu anaoukumbuka babu ulilindwa na Uingereza. Mfalme alikuwa pale, mwenye neno la mwisho hakuwa yeye. Na hao watu 68 wa Juni 1961 waliuawa mfalme akiwa kitini. Kiti chake hakikuzuia mgawanyiko wetu.

Rafiki yangu najua atasema: "Na Oman je?" Wapemba wangapi wana ndugu Muscat? Wanaona barabara, hospitali, shule, na hakuna anayepigwa kwa ajili ya chama. Kweli tupu. Sultan Qaboos aliyetawala 1970 hadi 2020 aliijenga nchi. Lakini kabla yake alikuwepo baba yake, Said bin Taimur, ukoo ule ule, dini ile ile, kiti kile kile, na nchi ilikuwa na shule tatu tu. Oman ilitokaje kwa baba kwenda kwa mwana? Kwa mapinduzi ya kasri, Julai 23, 1970, tena kwa msaada wa Waingereza. Watu wa Oman hawakuulizwa. Walipata bahati. Mimi sitaki watoto wangu waishi kwa kutegemea bahati ya nani kazaliwa kasri gani.

Turudi nyuma zaidi, kwa heshima zote. Makhalifa wanne wa mwanzo, Mwenyezi Mungu awawie radhi, hakuna hata mmoja aliyerithi ukhalifa kwa baba yake. Urithi ulikuja na Muawiya alipompa mwanawe Yazid. Na hata katika zama zile bora, watu walipomtaka Uthman ajiuzulu, haikuwepo njia ambayo wote wamekubaliana juu yake. Mwaka 656 akauawa nyumbani kwake, na umma haukupona jeraha lile mpaka leo. Kama watu bora kuliko sisi walikwama hapo, sisi tutaponea wapi?

Kwa mtazamo wangu hili ndilo jambo lenyewe. Ucha Mungu wa mtawala umo moyoni mwake, mimi na wewe hatuwezi kuupima. Tunachoweza kupima ni kama anaondoka anapokataliwa. Pemba tumejaribu kuondokana na watawala kwa jahazi na kwa damu. Jahazi lililokwenda Muscat kumwita mtawala mpya. Mashua zilizokwenda Shimoni kumkimbia wa zamani. Hata Sultan Jamshid aliondoka Januari 1964 kwa meli, Mombasa wakamkatalia kushuka, akaishia Uingereza kwa zaidi ya miaka hamsini, akaruhusiwa Oman 2020 na kufariki huko Desemba 2024. Mfalme naye hakuwa na mlango wa kutokea kwa amani. Utawala usio na mlango wa kutokea unamfunga hata aliye ndani.

Kura ndiyo mlango huo. Na kilichotuumiza 1995, 2001 na 2015 si kuwepo kwa mlango, ni kukomewa kwake. Mtu aliyefungiwa ndani hadai nyumba isiyo na mlango kabisa. Anadai ufunguo. Halafu tusisahau kwamba mlango huu uliwahi kufunguka kidogo. Julai 31, 2010 Wazanzibari walipiga kura ya maoni, asilimia 66 wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa, na watu waliokuwa hawazikani wakazikana. Hakuna sultani aliyetupa lile. Tulijipa wenyewe, kwa karatasi. Na Rais Mkapa, aliyekuwa madarakani 2001, aliandika katika kitabu chake cha 2019 kwamba mauaji yale ni doa katika uongozi wake. Ilichukua miaka 18 na haikumrudisha marehemu hata mmoja. Lakini mtawala ambaye siku moja atakuwa raia kama wengine anajua ataulizwa.

Asubuhi yake nilimrudia babu. Nilimkuta uani kwake amekaa kwenye mkeka, anachambua karafuu, makonyo upande huu na karafuu upande ule. Nikamwamkia, nikakaa, nikamsaidia kidogo. Kisha nikamuuliza: "Babu, huyo mfalme akiacha kumcha Mungu, nani atamwambia basi?"

Hakunitazama. Akaendelea kuchambua, kisha akasema: "Na hao wenu wa kura, nani anawaambia?"

Nikanyamaza, maana kanipiga penyewe. Nimelitafakari jibu lake boti nzima mpaka Unguja, na naona babu hakunikataa. Swali lake na langu ni moja. Yeye limemkatisha tamaa, mimi nadhani ndilo swali ambalo vijana wa umri wangu tumeachiwa: nani anashika ufunguo wa tume, wa sanduku, wa hesabu. Hilo linajibika kwa sheria na kwa watu kutokubali. Lile la moyo wa mfalme halijibiki.

Rafiki yangu kasema hapigi tena kura. Sitamwita mjinga, ana machungu yake. Nitamuuliza tu lile swali la babu, na uchaguzi ujao nitampitia kwao asubuhi tuongozane.

Naomba kutoa hoja.