Kanga, leso na kaniki

Asubuhi ya Idi huko Al Barsha, Dubai, dada wa Mombasa humwambia mwenzake wa Unguja, "Leso yako imekupendeza, shoga." Naye hujibu, "Ahsante, ila hii kanga." Wote wako sahihi; nguo ni ile ile. Leso ni neno la Wareno, lenço, kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba wanawake wa pwani waliunga vitambaa sita vikawa nguo moja. Kanga ni yule ndege wa madoadoa, kwani nguo za mwanzo zilikuwa na madoa kama yake.

Neno linalonigusa zaidi ni kaniki, nguo ya rangi ya giza waliyovaa wajakazi. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 (masuria walingoja hadi 1909), wanawake wengi waliokuwa watumwa waliiacha kaniki wakajifunga kanga za rangi, wajulikane kuwa ni watu huru. Sikukuu ikawa siku ya kutoka na doti mpya. Mpaka leo.

Bibi akikufungulia sanduku la kanga zake, muulize kila moja aliivaa Idi gani, nawe uandike.