ISIMUJAMII NG'AMBO YA MPAKA: HISTORIA YA UCHUNGUZI WA KISWAHILI CHA KIVU KWA MFANO WA LAC VERT, GOMA

1.0 Utangulizi

Magharibi ya mji wa Goma, karibu na barabara iendayo Sake, pana ziwa dogo lililojaa ndani ya shimo la volkano ya kale. Rangi ya maji yake ndiyo iliyolipatia jina la Kifaransa la Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani, na jina hilo limeenea hata likawa jina la mtaa mzima. Mtaa huo haumo katika orodha ya mahali panapotajwa na vitabu vya isimujamii. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali panapofaa zaidi kwa kuuliza swali la msingi la taaluma hiyo: nani husema lugha gani, na nani, lini, na kwa sababu gani?

Makala haya yanachunguza historia ya taaluma yenyewe katika eneo hilo. Hoja yake ni kwamba isimujamii ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika shahada za uzamili na uzamivu, ilijengwa kwa data za upande mmoja wa mpaka, na kwamba pengo lililobaki upande wa pili limekuwa na gharama kwa wasemaji wenyewe. Kwanza itaelezwa namna Kiswahili kilivyofika Kivu. Pili, namna kilivyochunguzwa na mahali kilipochunguziwa. Tatu, matatizo ya kuzitumia nadharia za kigeni katika mazingira ya Lac Vert. Na mwisho, matokeo ya hali hiyo.

2.0 Kiswahili kufika Kivu

Kiswahili kiliingia mashariki ya Kongo katika nusu ya pili ya karne ya 19, pamoja na misafara ya biashara ya pembe na watumwa iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji. Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, ndiyo iliyokuwa miji mikuu ya biashara hiyo, na Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ndiye aliyekuwa mtu wake mashuhuri. Wafuasi wa misafara hiyo walijiita waungwana, na kutokana na jina hilo waandishi wa kikoloni waliiita lahaja ya huko Kingwana. Inafaa kukumbuka kwamba jina hilo lilimaanisha lugha ya watu huru. Dharau iliyokuja kuambatana nalo ilikuwa kazi ya watu wa baadaye.

Utawala wa Wabelgiji haukukileta Kiswahili, bali ulikikuta na kukitumia. Johannes Fabian, ambaye alifundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, ameonyesha katika kitabu chake cha 1986 jinsi wamisionari, maofisa na makampuni ya migodi ya Katanga walivyokichukua Kiswahili na kukifanya chombo cha kuongozea wafanyakazi. Katika Kivu ya Kaskazini palikuwa na sababu nyingine zaidi. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya kikoloni ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuzipeleka Masisi, ambako wenyeji walisema Kihunde. Goma nayo, mji wa mpakani ulioshikana na Gisenyi, ilivuta Wanande kutoka kaskazini, Wahavu na Washi kutoka kusini, na watu wengine wengi. Mahali ambapo hakuna lugha ya kikabila iliyoweza kuwa ya wote, Kiswahili kilikuwa ya wote kwa sababu hakikuwa ya kabila lolote.

Kiswahili hicho hakikubaki kama kilivyotoka pwani. Wasemaji wake wengi husema batu, batoto na bintu pale ambapo Kiswahili sanifu husema watu, watoto na vitu. Husema katoto na tutoto kwa udogo, hutumia iko na niko kwa wingi kuliko msemaji wa Unguja, na husema kuya badala ya kuja. Mengi ya mambo haya yana asili inayoonekana wazi. Viambishi ba- na bi- kwa wingi, na ka- na tu- kwa udogo, vimo katika lugha za Kibantu zilizoizunguka Goma. Kwa hiyo msemaji wa Goma hafuati kanuni mbovu, bali anafuata kanuni nyingine.

3.0 Uchunguzi ulivyoishia mpakani

Mwaka 1968 ulianza mradi mkubwa wa kuchunguza matumizi na ufundishaji wa lugha katika Afrika ya Mashariki, uliogharimiwa na Wakfu wa Ford. Nchi zilizohusika zilikuwa tano: Ethiopia, Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia. Matokeo yake yalichapishwa katika vitabu ambavyo vimekuwa msingi wa kozi za isimujamii: cha Uganda mwaka 1972, cha Kenya kilichohaririwa na W. H. Whiteley mwaka 1974, cha Ethiopia mwaka 1976, cha Zambia mwaka 1978 na cha Tanzania kilichohaririwa na Edgar Polomé na C. P. Hill mwaka 1980. Zaire, ambayo ilikuwa na mamilioni ya wasemaji wa Kiswahili, haikuwamo.

Jambo hili lina kinaya chake. Polomé huyo huyo alikuwa amefundisha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tangu nusu ya pili ya miaka ya 1950, na mwaka 1968 alichapisha makala kuhusu Kiswahili cha mji huo. Mtu mmoja aliuvuka mpaka. Mradi wenyewe haukuuvuka. Tanzania ilikuwa na sera ya lugha ya taifa iliyotaka takwimu, na tangu 1964 ilikuwa na chuo cha uchunguzi wa Kiswahili mjini Dar es Salaam. Upande wa Zaire, Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Ciluba, chini ya Kifaransa kilichokuwa lugha rasmi. Mpango huo ungalipo katika katiba ya 2006.

Haina maana kwamba Wakongo walikaa kimya. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na Kitivo cha Fasihi kikawekwa Lubumbashi. Huko ndiko kilikokuwa Kituo cha Isimu Nadharia na Isimu Tumizi, CELTA, na huko ndiko wanaisimu wa nchi walikokutana katika semina yao ya kwanza mwaka 1974. Huko Goma kwenyewe Balihuta Kajiga alichapisha kamusi yake ya Kiswahili mwaka 1975. Lakini Lubumbashi iko mbali sana na Kivu, na uchunguzi uliofanyika huko, ukiwamo ule wa Walter Schicho wa Vienna katika miaka ya 1980, ulikihusu zaidi Kiswahili cha Katanga. Mwanafunzi wa Kivu aliyetaka kuendelea baada ya lisansi alilazimika kuisafiria taaluma yake, na akifika aliikuta ikizungumza juu ya mji mwingine.

Kivu ilianza kuonekana kupitia Bukavu. Mwaka 1983 Didier Goyvaerts na wenzake wawili walichapisha uchunguzi juu ya lugha na sera ya elimu katika mji huo, na mwaka 1988 Goyvaerts alieleza lugha ya vijana iitwayo Indoubil. Mwaka 1995 aliandika kuhusu kuenea kwa Lingala huko Bukavu. Goma ilingoja zaidi. Mwaka 2016 Nico Nassenstein na Paulin Baraka Bose walitoa kitabu cha matini na maelezo ya sarufi ya Kiswahili cha Kivu, na mwaka huo huo Nassenstein alichapisha makala juu ya Yabacrâne, lugha ya vijana wa Goma. Kati ya mwanzo wa mradi wa 1968 na maandiko hayo imepita miaka 48.

4.0 Nadharia mbele ya Lac Vert

Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa mapema dhana ya C. A. Ferguson ya 1959, kwamba jamii inaweza kuwa na namna mbili za lugha moja, ya juu na ya chini, kila moja na kazi yake. Hufundishwa pia jinsi M. H. Abdulaziz alivyoipanua dhana hiyo mwaka 1972 kwa kueleza utatu wa Tanzania: lugha ya kikabila, Kiswahili na Kiingereza. Ni maelezo mazuri, na yalitokana na jamii iliyokuwa mbele ya macho ya mwandishi wake. Swali ni kama yanaweza kuhamishwa.

Katika Lac Vert ngazi hizo hazisimami sawasawa. Kifaransa kiko juu, katika ofisi na vyuo. Kiswahili sanifu kipo katika vitabu na kanisani, lakini si lugha ya serikali wala ya nyumbani. Kiswahili cha Goma ndicho cha soko na barabara, na kwa watoto wengi ndicho cha kwanza. Lingala, ambayo tangu zama za ukoloni imekuwa lugha ya jeshi, haiko juu wala chini: inasikika pale penye bunduki na pale penye muziki. Kihunde, Kinyarwanda na Kinande ni lugha za nyumbani, lakini pia ni alama ambazo wakati wa vita huweza kumtambulisha mtu bila hiari yake. Nadharia inayopanga lugha kwa heshima peke yake haina mahali pa kuweka hofu.

Tena nadharia hizo huchukulia kwamba jamilugha imetulia mahali pake. Lac Vert haikupewa utulivu huo. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu, na Mugunga na Lac Vert zikawa kambi hadi Novemba 1996. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo iliunguza sehemu kubwa ya katikati ya mji. Kuanzia 2022 watu waliokimbia vita vya M23 katika Rutshuru, Masisi na Nyiragongo walijenga vibanda pale pale. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za Mugunga na Lac Vert na kuua watu wengi, wakiwamo watoto. Januari 2025 M23 iliiteka Goma, na mwezi uliofuata kambi zilizouzunguka mji ziliondolewa. Jamilugha inayoundwa na kuvunjwa kwa namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa hojaji moja iliyojazwa katika wiki moja.

5.0 Gharama ya pengo

Huenda ikasemwa kwamba haya ni mambo ya wasomi. Historia ya karibuni inakanusha. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini ulifika Goma Julai 2019 na kumalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020. Wahudumu walileta maelezo kwa Kifaransa na kwa Kiswahili sanifu, kwa kudhani kwamba mahali panaposemwa Kiswahili, Kiswahili chochote kitatosha. Uchunguzi wa shirika la Translators without Borders wakati wa mlipuko huo ulionyesha kwamba maelezo ya namna hiyo hayakuwafikia wote, na kwamba watu walihitaji kuelezwa kwa maneno wanayoyatumia wao. Dhana ya kwamba kuna Kiswahili kimoja tu, na kwamba kingine ni makosa, ilikuwa imeacha kuwa suala la mtihani na kuwa suala la uhai.

Hapa ndipo ionekanapo maana ya zile miaka 48. Kama Kiswahili cha Kivu kingalichunguzwa mapema kwa kiwango kile kile cha Tanzania na Kenya, wahudumu wangalipata kamusi, orodha za istilahi na wataalamu wenyeji walio tayari. Badala yake, kazi iliyostahili miaka ilibidi ifanywe kwa haraka, maradhi yakiwa yamekwisha kuingia mjini.

6.0 Hitimisho

Imeelezwa kwamba isimujamii ya Kiswahili ilikua kwa kufuata mipaka ya dola, ilhali Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeivuka mipaka hiyo kabla haijachorwa. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, na mpaka ule wa 1968 umeondoka katika karatasi. Haifuati kwamba umeondoka katika mitaala. Maadamu Kiswahili cha Kivu hutajwa katika kozi za uzamili kama mfano wa kuharibika kwa lugha, au hakitajwi kabisa, mwanafunzi atokaye Goma ataendelea kujifunza taaluma ambayo yeye mwenyewe hayumo ndani yake.

Vyuo vikuu vimo Goma kwenyewe. Kinachotakiwa ni kwamba uchunguzi wa Lac Vert ufanywe na watu wanaoweza kurudi Lac Vert wakati kambi imeondolewa na waliohojiwa wametawanyika, wakawatafuta, na kuuliza tena.